Mate ya Mtu Mmoja

Soni, 7 Mei 2024

Mpwa wangu Aisha,

Marahaba mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Usishangae mjomba wako kushika kalamu zama hizi. Simu ya nyumbani kwenu Mlola ni ya kijiji kizima. Ukimtumia kaka yako neno, muuza mkaa analijua kabla yake. Na yangu hapa sokoni inashikwa na kila anayeuliza bei ya kabichi Dar. Barua haichunguliwi. Tena mwandiko wangu unaufahamu, ndio uliomfanya mwalimu wa kidato cha pili aseme nitafika mbali. Nilifika Lubumbashi, kwanza utingo wa Fuso, kisha usukani mikononi mwangu. Mwalimu bado yuko palepale.

Sasa nisikilize, maana nina kinyaa kimenikaa kooni hakimezeki.

Juzi nilipanda Mlola kumwona Sharifa, mjukuu wangu, mke wangu mdogo. Wewe shangazi yake hujamwona tangu Idi. Masikio yote mawili yanatoa usaha. Ulimi una utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Tumbo limevimba upande wa bandama. Na harufu, Aisha. Mimi nimepakia samaki wa Kigoma gari likaharibika juani, sikuziba pua. Hapa nilitoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Hilo bado si lililonichefua. Niliporudi ndani nilikuta wazee wamemzunguka wanambariki. Desturi unaijua: mzee anapiga funda la maji, ananuia, anamnyunyizia mgonjwa usoni na kifuani kwa mdomo. Mmoja wao ana kikohozi cha tangu mavuno. Mwingine meno yaliyobaki ni ya kuonyesha tu. Mtoto analowa, anafumba macho, kisha ananiambia, "Babu, mimi kila siku naogeshwa kwa midomo." Miaka saba, na mzaha wake umetoka kwangu moja kwa moja.

Na la tatu ni la kaka yako Hassani, ambaye ni mpwa wangu na mkwe wangu kwa pamoja. Amemtengea binti yake kikombe cha bati. Kukiosha hakioshi, na kukishika anakishika kwa jani la mgomba. Mwanangu Zuhura anatazama. Nilikunywa chai yangu kwao, ikanipita kama dawa ya minyoo.

Ile damu uliyomchukua Sharifa siku ya Idi imesema nini? Niambie mimi, si wao.

Mjomba wako,
Jafari Shebughe


Dar es Salaam, 19 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa.

Majibu yametoka. Nitaeleza polepole, na ukikwama usione haya kuniuliza. Katika damu kuna seli nyeupe zinazoitwa limfosaiti. Hizo ndizo zinazomkumbuka kila mdudu aliyewahi kuingia mwilini na kumtimua akirudi. Za Sharifa zinazaliwa salama ila zinakufa changa. Ziko protini za ukoo mmoja, jina lao GIMAP, ambazo kazi yao ni kuziweka seli hizo hai. Sharifa amekosa ile ya tano, ambayo hushika kichembe kinachoitwa GTP, na inapokishika ndipo inapowaka, mfano wa tochi na betri. Namna hasa inavyofanya kazi wataalamu bado wanabishana. Wanalokubaliana ni kwamba ikikosekana, limfosaiti hazidumu. Waliliona kwanza kwa panya wa maabara, ukoo mmoja uliozaliwa bila protini ya tano. Panya hao walipungukiwa na seli hizo, wengi wakaugua kisukari. Kwa watu ni nadra sana, na huwa hivyo unavyomwona Sharifa: maambukizi yasiyokwisha, bandama kubwa, na baadaye ini.

Hana laana na hamwambukizi mtu ugonjwa huu. Mjomba, sisi ndio tunaoweza kumuua kwa mate yetu. Baraka za kunyunyiza zikome leo.

Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo ya protini hiyo, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na moja mbovu huumwi. Sharifa ana mbili mbovu. Hassani na Zuhura ni watoto wa kaka na dada, nadhani ubovu umewafikia kutoka mahali pamoja. Hilo libaki kati yetu kwanza.

Dawa za kumkinga nimeziagiza Lushoto. Lakini tiba yenyewe ni apewe uloto wa mifupa wa ndugu anayelingana naye, ili azalishe limfosaiti zinazoishi. Nakutumia vichupa vitano kwa dereva wa basi: cha Bibi, chako, cha Hassani, cha Zuhura na cha Twaha, mdogo wake Sharifa. Kila mmoja ateme mate mpaka kwenye mstari. Asile wala asinuse ugoro nusu saa kabla. Najua kwetu mtu hatoi mate yake ovyo. Ndiyo maana nimekutuma wewe, mwenye mdomo.

Mpwa wako,
Aisha


Soni, 2 Juni 2024

Aisha, daktari wa panya,

Marahaba. Vichupa vyako hivi hapa vimejaa, vyote vitano, tena kwenye mstari kama maziwa ya kupimwa. Nani mwingine angeweza?

Bibi yako alitema kama msichana wa unyago. Hassani alitaka kuleta ubishi nikamtupia jicho moja, lile la mpakani Kasumbalesa, akanywea. Zuhura hakuuliza. Twaha alifurahi kupita kiasi, nikamwambia basi, mwanangu, bakiza ya kumezea ugali.

Somo lako nimelielewa kuliko ulivyolieleza. Umeme upo, nguzo zipo, nyaya zipo. Mita ya LUKU ndiyo haipo, kwa hiyo taa zinazimika kabla ya isha. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza hapa sokoni bila kutaja jina. Muuza matunda ya plamsi mmoja akaniuliza kama mita hiyo inauzwa Korogwe.

Ila panya, mpwa wangu. Mama yako, Mungu amrehemu, aliuza viazi miaka mingapi ili usome, mwisho unaamka asubuhi kwenda kuwajulia hali panya? Nililala na wazo hilo nikaota mkia. Na Wazungu nao, mtu mzima anakaa anahesabu seli za panya mwenye kisukari. Anampa chai bila sukari?

Wote hawajambo. Sharifa anakusalimu. Tupe jina la mwenye uloto upesi.

Mjomba wako,
Jafari Shebughe


Dar es Salaam, 14 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Majibu yamerudi. Kichupa cha Bibi kina mate ya mwanamume. Cha Zuhura kina mate ya mwanamume. Cha Twaha, mtoto wa miaka minne, kilikuwa na ugoro.

Vyote vitano ni mate ya mtu mmoja. Mwenzangu wa maabara, Kristian, alinipangia karatasi mezani moja baada ya nyingine, zimefanana kama kurasa za kunakili, akadhani nimemfanyia mzaha. Wakacheka chumba kizima. Mimi nilitoka nje. Nimeshika kinyesi, usaha na makohozi ya watu kwa kazi hii na sijawahi kuchefukwa kama nilivyochefukwa na vichupa vyako safi.

Tumepoteza wiki sita. Limfosaiti za Sharifa zimeshuka tena. Hatukumpata wa kumpa uloto, tumekupata wewe mara tano. Nakala yako moja ni mbovu na nyingine nzima. Nadhani hakuna mtu katika nchi hii aliyepimwa kwa uhakika kama wewe. Na hufanani na Sharifa vya kutosha kumpa chochote.

Sitaki maelezo matamu. Nataka kujua kwa nini.

Aisha


Soni, 21 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuja baridi kama ukungu wa Mtae.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Nilipanda Mlola na vichupa mfukoni. Mama yangu alikitazama cha kwake, akasema, "Mwanangu, mate ya mtu ni mtu. Akiyapata asiyekupenda, amekushika kwa kamba." Nikasema anayeyataka ni Aisha. Akasema, "Na Aisha akishayapeleka kwa wengine?" Nikakirudisha kichupa mfukoni. Hassani ndiye aliyemaliza. Alisimama mlangoni, akasema mbele ya majirani kwamba nimekuwa mchuuzi wa mumiani, kabichi hazinilipi, sasa nauza mate ya ukoo.

Nikashuka. Pale kwenye mteremko wa mkaratusi nikakaa jiweni, nikajaza mwenyewe mpaka ulimi ukakauka kama ngozi ya ngoma. Ugoro ulinisaidia kuyaleta. Usidhani nilitaka kukudanganya, Aisha. Niliwaza hivi: sisi ni ukoo mmoja, damu moja. Ukitaka kujua shamba la kabichi lina ugonjwa gani, unachuma kabichi moja, huchumi shamba. Na mimi ndiye kabichi kubwa kuliko zote. Naapa niliona nimetumia akili.

Kuna jingine nililokuficha. Niliposema wote hawajambo, Zuhura na Sharifa walikuwa tayari kwangu Soni. Hassani aliwaleta kwa bodaboda, Twaha akabaki naye. Kaka yako anasema anatafuta mke ambaye tumbo lake halina uozo. Alilisema hilo neno akiwa amesimama kwenye uwanja wangu, na mtoto anamsikia.

Masikio ya Sharifa nayasafisha mimi, maana Zuhura akiona usaha huangusha pamba. Mjomba wako wa Lubumbashi husafisha sikio moja, huenda nyuma ya jiko kutapika, hurudi kusafisha la pili. Jana akanikuta.

"Babu, unatapika kwa sababu yangu?"

"Hapana, mke wangu. Nimekula embe bovu."

Akanitazama. "Babu, huu si msimu wa embe."

Ninajichukia, mpwa wangu. Ninamchukia Hassani kwa jani lake la mgomba, lakini mimi na yeye tofauti yetu ni kwamba mimi najificha nyuma ya jiko.

Nitumie vichupa vingine.

Jafari


Dar es Salaam, 28 Julai 2024

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, na hii ni ya moto.

Vichupa ndivyo hivyo, pamoja na karatasi zako tano za majibu. Nisamehe ukali. Nami nilikuficha: kabla ya kuwaomba ninyi mate nilijipima mwenyewe. Sifai. Na nina nakala mbovu kama ya kwako, niliyoipata kwa mama. Wewe na mama ni tumbo moja, kwa hiyo imetoka kwa Bibi au kwa marehemu Babu. Tafadhali Bibi asijue. Ana miaka themanini na mitatu, ataona ndiye aliyemla kitukuu chake, na kijiji kinachosubiri mchawi kitakuwa kimempata.

Kuhusu kutapika: tumbo lina adabu zake, hatuliamrishi. Sharifa atakumbuka kwamba ulirudi kusafisha la pili.

Usitume kabichi moja. Safari hii chuma shamba zima.

Aisha


Soni, 11 Agosti 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Kaa kitako.

Ijumaa baada ya swala niliwakusanya kwa mama yangu Mlola. Wazee wale wale wa funda la maji walikuwepo, Hassani amekaa karibu na mlango kama mtu aliyeacha gari linanguruma. Nilikuja na Zuhura na Sharifa, na nilikuja na kile kikombe cha bati.

Nikasema, mnatafuta uozo umetoka wapi, msihangaike, umetoka kwangu. Nikatoa karatasi zako. Nikawaambia, wengine hupimwa mara moja wakabishiwa. Mimi nimepimwa mara tano na mashine ya Dar, na mara zote imesema Jafari Shebughe. Zuhura hana kosa, amerithi kwa baba yake. Mwenye la kusema aniambie mimi, nina mwili wa kubeba.

Wazee wakapokezana karatasi. Sharifa alikuwa amebakiza uji kikombeni. Nilikichukua kwa mkono mtupu, nikaunywa wote. Ulikuwa wa baridi, una ngozi juu, na upande mmoja umegusana na kidonda kilichomtoka mdomoni. Aisha, nimekula panya buku wa Zambia na nikaomba nyongeza, lakini funda lile lilishuka likapanda, likashuka likapanda. Nililishikilia kwa meno. Machozi yakanitoka, wakadhani ni uchungu wa babu. Kikombe nikampa Zuhura akakitie maji ya moto, maana mimi ndiye mchafu kwa mtoto, si yeye kwangu.

Ndipo mama yangu akasema, "Jafari, kaa chini. Umezoea kujitwalia kila kitu, hata ubovu."

"Mama, karatasi hizi..."

"Nimekuzaa mimi. Ulichonacho umekitoa kwangu au kwa baba yako. Mimi ni mzee, si mjinga. Lete kichupa."

Nikasema, na ile kamba, mama? Akasema mate ya kuibiwa ndiyo kamba, ya kutoa kwa hiari ni baraka, na kama baraka siku hizi inapanda basi, ipande. Akanuia kwa Kishambaa, jina la Sharifa na majina ya waliotangulia, kisha akatema humo ndani polepole, mpaka kwenye mstari. Sikujua kwamba kitu kilekile kinachonitibua tumbo kinaweza kunifanya nivue kofia. Wazee wakataka na wao. Nikawaambia vichupa havitoshi, watemee chini kule nje, Mungu atajumlisha. Wakaenda.

Twaha kweli alipitiliza mstari. Safari hii sijakudanganya.

Hassani alibaki na kichupa mkononi, jua linashuka. Nikamwambia, mpwa wangu, kama ni mumiani, mimi niuzwe kwanza. Hakucheka. Akasema, "Mjomba, mimi sina kinyaa naye. Nilikuwa naogopa ni mimi." Nikamwambia ni wewe, na mimi, na Zuhura, sote tumechangia kama harusi. Akatema. Mdomo ulikuwa mkavu, ilimchukua muda mrefu, na Sharifa ndiye aliyemfundisha: "Baba, fikiria ndimu."

Jafari


Dar es Salaam, 22 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Watu watano, mate ya watu watano. Kristian amebandika karatasi ukutani.

Ni Twaha. Analingana na Sharifa kabisa. Ana nakala moja mbovu, lakini hiyo haimzuii kumpa dada yake. Hassani na Zuhura, kama tulivyodhani. Bibi naye anayo. Mpe salamu zangu tu. Naona hakuna la kumwambia asilolijua.

Sharifa atakaa miezi katika chumba cha peke yake. Kwanza dawa zitamwondolea uloto wake, na siku hizo zitakuwa chafu, mjomba: atatapika, nywele zitatoka, ngozi ya mdomo itabanduka. Kisha atawekewa wa Twaha. Huenda ukamkataa. Sikuahidi kitu, nawe usimwahidi mtu. Zuhura ataingia naye chumbani. Hassani ameomba awe anapokezana naye. Nimemwambia huko hakuna majani ya migomba, akasema anajua.

Aisha


Soni, 15 Juni 2025

Aisha, daktari wa watu na panya,

Marahaba. Kwenye simu uliniambia limfosaiti za Twaha zimeishi ndani ya dada yake, hazifi tena changa, na kwamba bado tutahesabu miezi kwa hofu. Nimeshukuru kwa kadiri mtu wa sokoni anavyojua kushukuru: nimekata bei ya kabichi siku nzima, wenzangu wakanitukana.

Jana wamefika Mlola. Nywele zimeanza kuota, laini kama za kifaranga. Masikio makavu. Nilinusa, Aisha, niliinama makusudi nikanusa, nikapata harufu ya sabuni na ya mtoto. Hassani alimbeba mgongoni toka barabarani, anapiga kelele watu wasimguse, wakanawe, wakae mbali. Amekuwa kero kupita wewe. Mama yangu alisimama mlangoni kwake, hakumsogelea kitukuu chake. Akasema "Onga makeo, mwanangu" salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, akatema baraka yake pembeni, chini, penye majani. Macho yake ndiyo yaliyomfikia mtoto.

Jioni Sharifa akaniita kwenye benchi.

"Babu, mimi nimekatazwa kutemewa."

"Ndiyo, mke wangu. Mpaka shangazi aseme."

"Na kutema, nimekatazwa?"

Nikafikiri. Kwenye karatasi zako zote hakuna mahali palipoandikwa. Nikasema sijui, nadhani hapana.

"Basi inama nikubariki. Wewe umebariki kichupa mara tano, hujabarikiwa hata mara moja."

Nikainama. Akapiga funda la maji ya kuchemsha kutoka kikombe chake cha bati, akafumba macho kama wale wazee, akanuia kitu ambacho sikukisikia, kisha akanimwagia usoni yote, puani, machoni, na mengine mdomoni, maana nilikuwa nimeanza kucheka. Ya vuguvugu.

Tumbo langu unalijua. Nilikaa nalisubiri, halikusema kitu. Leso ilikuwa mfukoni. Niliiacha humo, nikakaa naye mpaka ukungu ulipopanda na uso ukakauka wenyewe.

Mjomba wako,
Jafari Shebughe